Kilemba cha Kumi na Mbili

Saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga naitazama sasa hivi. Inakwenda vizuri. Fremu yake, pembe ya chini kushoto, ina mwanya wa kupitisha ukucha. Nimeupima mara mbili. Sijui ni nani kati yenu aliyeikata na sitaki kujua, kwa kuwa nataka kuendelea kuwapenda wote kwa usawa. Ila aliyeikata ajue kwamba kila nikitazama saa, namwona yeye.

Mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ishirini na minane pale karakana ya fremu ya Bertrams. Ya vyeo nayaruka, maana vyeo vilikuwa viwili tu: tajiri, na sisi wengine. Mshahara nao nauruka. Haukuwa mrefu kiasi cha kujaza sentensi. Nitawaambia habari za vifaa, za mtu aliyenifundisha, na za mchoro mmoja ambao siku si nyingi utarudi mezani kwenu, nami sitakuwapo kuwashika mkono. Kusema kweli, huo mchoro ndio ulionikalisha kuandika.

Nilipofika Johannesburg kutoka Tanga niliuza mikanda na miwani ya jua kwenye kona moja ya mjini, chini ya robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, ambayo taa yake ya njano haikuwahi kuwaka. Mikanda nilikuwa naihesabu asubuhi na jioni, mara mbili kila mara, kwa sababu mkanda ukikaa barabarani huota miguu. Akatokea mzee mmoja wa Lubumbashi, mfupi, mwenye suti ya kahawia iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. Alikuja siku tatu. Hakununua kitu, hakuuliza bei, alisimama tu akinitazama ninavyohesabu. Mimi nilidhani ni askari kanzu. Siku ya tatu akaniambia kwa kile Kiswahili chao, "Weye hauko muchuuzi. Weye uko mutu ya kuhesabu. Kuya kesho." Huyo ndiye Papa Ngoi, ambaye picha yake mnaiona juu ya meza ya kukatia vioo na ambaye baadhi yenu mlidhani ni nabii wa kanisa fulani.

Siku ya kwanza karakanani alinipa vipande vinne vya mbao na msumeno, akaniambia nitengeneze fremu. Nilitengeneza. Ilikuwa na pembe nne, kila moja ikiwa na maoni yake. Papa aliitundika chooni, ukutani mbele ya anayekaa, ili kila siku nipate muda wa kutosha wa kuitafakari. Bado ipo pale. Naombeni msiiondoe.

Mengi aliyonifundisha mnayajua kwa sababu niliwafundisha ninyi. Picha ya mkaa haipulizwi kwa mdomo, maana mate ya mtu yakidondoka juu ya mkaa hayatoki mpaka kiama. Unaigeuza, unaigonga nyuma kwa vidole viwili, vumbi linaanguka lenyewe. Kioo hakiburutwi. Pini zinahesabiwa kabla na baada, kwani pini iliyopotea huonekana siku ile picha iko ukutani kwa mteja, imelala ndani ya kioo kama mdudu.

Na kubwa kuliko yote, risiti. Picha ikiingia, andika kilichomo. Papa aliweka sheria hiyo baada ya bwana mmoja kuja kuchukua picha yake ya harusi akadai kwamba ilipoingia ilikuwa na wasimamizi sita wa kike na sasa wako watano. Tulimwonyesha kwamba haiwezekani kumtoa mtu kwenye picha ya harusi kwa kisu cha kukatia kadi. Akasema watu wa nje tunaweza lolote. Tangu siku hiyo, kila kitabu cha risiti kikawa na kopi ya kaboni: ng'ombe wangapi, miti mingapi, watu wangapi. Mimi hiyo kazi niliipenda kuliko kula. Nilihesabu kwa ncha ya kidole, nikarudia kutoka upande wa pili, ndipo nikaandika.

Nilikuwa na mwaka wa pili pale Mama Lea alipoingia. Alikuwa ajuza wa Kiyahudi, mwembamba, amevaa koti la kiume na viatu vya raba, na kwapani amebana karatasi kubwa zilizoviringishwa ndani ya shuka la kitanda. Alikuwa anakaa Berea, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujafika sisi nchini. Wenzake wa zamani walikwisha hama wote kwenda vitongoji vya kaskazini; majirani zake tulikuwa sisi: Wakongo, Watanzania, Warundi, wasusi wa nywele na walinzi. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuhama. Alijibu kwamba maishani mwake alikwisha hamishwa vya kutosha.

Tulipatana bei kwanza. Nawaambia, nimepatana na wanawake wa Kizanzibari na madereva wa taxi, lakini yule mama alikuwa fundi. Kila nilipotaja bei aliangalia dari mpaka nikapunguza mwenyewe. Tulipofika mahali ambapo nadhani alikuwa amepapanga tangu nyumbani, akafungua shuka.

Ilikuwa michoro ya mkaa. Wanawake wamesimama kwa safu, wamebanana, wamejifunga vitambaa kichwani. Haikuwa michoro ya kupendeza. Mabega yalichorwa kwa nguvu hadi karatasi ilikwaruzika, mikono mirefu kuliko haki yake, nyuso zingine mistari mitatu tu, lakini ukizitazama unajua nani kachoka, nani anamtegemeza mwenzake, nani ana hasira. Mimi wakati ule sikujua sanaa. Nilijua mkanda wa ngozi na mkanda wa plastiki. Hata hivyo niliona kwamba hawa ni watu halisi, na kwamba aliyewachora alikuwa akiwafahamu hata kwa visigino.

Nikashika kalamu, nikanyoosha kidole kwa mwanamke wa kwanza, nikaanza: mmoja, wawili. Akakishika kidole changu. Hakukigonga, alikishika tu, kama unavyomzuia mtoto asiguse jiko. Akaniambia nisiwahesabu.

Nikamweleza kwamba ndiyo sheria ya karakana. Akasema kwao watu hawahesabiwi. Bibi yake, alipotaka kujua kama wajukuu wote wamekaa mezani, alikuwa anasema: siyo mmoja, siyo wawili, siyo watatu. Mimi nikacheka, kwa sababu bibi yangu Tanga, ukimuuliza ana wajukuu wangapi, hujibu tu kwamba wapo, Mungu ashukuriwe, na ukizidi kuuliza anakutazama kama mwizi. Mama Lea naye akacheka kidogo. Kiingereza chake kilikuwa na kutu na changu kilikuwa na matundu, lakini hapo tulielewana.

Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda posta, kwamba kuna sababu ya pili. Alipokuwa msichana mdogo, wakati wa vita kuu, Wanazi waliwakusanya Wayahudi wa mji wao, na yeye akapelekwa kambini. Kila alfajiri waliwasimamisha nje wahesabiwe. Hesabu isipolingana inaanza upya, na wao wamesimama, barafu ama mvua. Wanawake wale ni wa banda lake.

"Na wao walikuwa wanahesabu mara mbili," akasema. "Kama wewe, Mista Salimu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini sikujua pa kuiweka ile kalamu.

Aliyetuokoa ni Papa Ngoi, aliyekuwa nyuma akijifanya anapiga msasa. Akaja akipangusa mikono, akaitazama michoro muda mrefu, akaniambia, "Batu uwaache. Hesabu bilemba." Nikamtafsiria mama: hatutahesabu watu, tutahesabu vile vitambaa vya kichwani. Akafikiri. Akasema bibi yake asingekubali, ila bibi yake hakuwa na karakana. Basi kwa kila karatasi nikaandika: mchoro mmoja wa mkaa, vilemba kumi na kimoja. Nikahesabu mara ya pili, kimoyomoyo. Kumi na kimoja.

Tulifanya hivyo miaka sita. Kila baada ya miezi michache alikuja na shuka lake. Aliwachora wale wale, mara wamesimama, mara wameegemeana, mara kwa mbali kama ukuta, mara uso mmoja umejaa karatasi nzima na wengine wako nyuma ya sikio lake. Nilianza kuwajua. Kuna mmoja mwenye pua ndefu niliyempenda sana; Papa alimpenda mnene, akidai anafanana na shangazi yake wa Likasi. Siku zote kumi na kimoja. Nilifika mahali nikawa naandika namba kabla sijamaliza kuhesabu, jambo ambalo namfukuzia mtu kazi.

Kuna kitu kingine alinifundisha mama huyo. Ukikosea, mkaa huufuti kwa raba ya shuleni. Raba inauswaga ndani ya karatasi. Unachukua mkate mweupe, ile sehemu laini ya ndani, unaufinyanga kidogo kwa vidole, unagusa tu, unainua. Mkaa unaufuata mkate. Mama Lea mwenyewe alichora hivyo, mkaa mkono wa kulia na tonge la mkate mkono wa kushoto, na makombo yaliyogeuka meusi hakuyatupa. Aliyakusanya kwenye kopo akawapelekea njiwa. Mkate hautupwi, alisema. Nikamwambia hata kwetu ukikuta kipande cha mkate njiani unakiokota, unakiweka mahali pa juu kisikanyagwe. Nadhani ni siku hiyo alipoacha kutazama dari wakati wa kupatana bei.

Mkono wake ulikuwa unachafua pembezoni mwa karatasi, kwa sababu aliuegemeza anapochora. Akaniruhusu kusafisha kingo kwa mkate kabla ya kuweka fremu. Tulifanya mapatano, akayasema kama mkataba wa kiserikali: "Kingo ni zako, Mista Salimu. Watu ni wangu."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa.

Mwaka wa saba alileta karatasi kubwa kuliko zote, urefu wa mlango. Siku hiyo hakupatana bei. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini mimi nikafurahi kama mjinga. Aliniambia amekaa nayo miezi minane na kwamba hajui kama mkono wake utaweza kufanya nyingine. Alikuwa na miaka sabini na tatu na vidole vilianza kutetemeka. Nikaikunjua, nikahesabu vilemba: kumi na kimoja. Nikarudia: kumi na kimoja. Nikaandika, nikampa kopi, akaiweka mfukoni bila kuisoma, akaondoka.

Nikaisafisha ile karatasi kwa bidii zote nilizokuwa nazo. Ukingo wa kushoto ulikuwa na uchafu mwingi, kivuli kirefu cha kijivu, kama mtu aliyeegemeza mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Nilitumia nusu mkate. Kingo zikatoka nyeupe kama sahani. Nikakata maunti, ile kadi yenye dirisha katikati inayozuia kioo kisigusane na picha, nikaweka kioo, nikafunga. Papa alikuwa hospitali kwa ajili ya macho yake juma lile. Aliporudi alikuta kazi imekwisha, imeegemezwa ukutani.

Mama Lea alikuja siku ya Alhamisi, asubuhi, mpwa wake akiwa na gari nje. Akasimama mbele ya mchoro. Nilikuwa nasubiri sifa. Akasogea karibu, akasogea mbali. Akatoa ile risiti mfukoni, akaisoma kwa mara ya kwanza.

"Msichana yuko wapi?" akauliza.

Nikamuuliza msichana gani. Akanyoosha kidole kwenye ukingo wa kushoto, pale penye weupe. Akasema alikuwa pale, mwembamba, kichwa wazi. Wale wanawake walichana blanketi moja kupata vitambaa vya kichwa, kila mtu kipande chake. Kipande cha yule msichana walimfunga miguuni, kwa kuwa hakuwa na viatu.

Ndipo nikaelewa kwamba huyo msichana alikuwa yeye. Miaka yote ile aliwachora wenzake kumi na mmoja na hakuwahi kuthubutu kujiweka kwenye safu. Alipothubutu, alijichora kwa mkono mwepesi sana, kama mtu anayepiga hodi. Na mimi nilikuwa nahesabu vilemba vichwani.

Nataka niwe mkweli kwenu, la sivyo haina haja ya kuandika. Jambo la kwanza lililonijia mdomoni ni uongo. Nimekulia barabarani, uongo wangu huamka kabla yangu. Nikaanza kusema kwamba karatasi ile ilikuja imeviringishwa, kwamba mkaa hujisugua wenyewe ndani ya shuka, kwamba barabara ya Berea ina mashimo. Nilikuwa naendelea vizuri kabisa.

"Salimu," akasema Papa Ngoi kutoka nyuma. "Angalia sahani yako."

Sahani ilikuwa mezani, mbele yetu sote. Sikuwa nimeitupa, kwa sababu mkate hautupwi. Ilikuwa imejaa matonge madogo ya mkate, meusi tititi.

Mama Lea aliitazama ile sahani. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alitoa leso, akahamisha matonge yote ndani yake, moja moja, mpaka makombo. Akaifunga, akaitia mfukoni mwa koti, akatoka. Mchoro aliuacha.

Jioni, tukifunga, Papa aliniambia kitu kimoja tu: kwamba fundi akikosea anakwenda yeye kwa mteja, hangoji mteja arudi. Nikamwambia hatanifungulia. Akasema kwani nilipokuwa nauza mikanda watu walikuwa wananifungulia?

Nilikwenda Jumamosi. Nilipanda ghorofa nne, nikagonga, nikasema ni mimi. Akajibu kutoka ndani kwamba anajua ni mimi na kwamba nirudi zangu. Jumamosi ya pili alifungua mlango ukiwa kwenye mnyororo. Nilimwambia nimeleta pendekezo. Nikampa lote: fedha yake yote irudi, na fremu bure za maisha.

"Maisha ya nani?" akauliza. "Mimi nina sabini na tatu." Akafunga mlango. Nikashuka nikijua kwamba mlango umefungwa lakini mazungumzo yamefunguka. Hayo ndiyo barabara inayokufundisha.

Jumamosi ya tatu nilibeba ule mchoro wenyewe, nimeutoa kwenye kioo na maunti, nimeulaza kati ya mbao mbili. Watu wa ghorofa ya pili, Wakongo wa kwaya, walinisaidia kuupitisha kwenye kona ya ngazi, wakauliza ni mlango wa nani. Nilipogonga nikamwambia sikuja na pendekezo, nimekuja na mchoro, na kwamba ukiutazama kutoka ubavuni karibu na dirisha, yupo bado. Ilikuwa kweli. Mkaa hautoki wote. Nilikuwa nimeushikilia kwenye mwanga wa ubavuni usiku kucha kwa mawazo, na mchana mara nyingi kwa macho, na nilikuwa nimeona bega moja na mstari wa shingo, hafifu kama alama ya kikombe mezani.

Akafungua. Tukauweka karibu na dirisha. Akapiga magoti, na miaka yake yote, akaangalia kwa upande.

Aliponyanyuka alisema tatizo ni mkono. Anajua msichana alikuwa wapi, ila amesahau mwili wake ulisimama vipi. Mara ya kwanza ulikuja wenyewe. Anahitaji mtu asimame. Nikamwambia nitamletea msichana, ghorofa ya pili wako tele. Akasema hataki msichana.

"Umbo lako sina kazi nalo, Mista Salimu. Nataka uchovu wako. Utasimama kwa saa tatu."

Mimi nikasema saa moja. Ilinitoka tu, kama mtu anavyopiga chafya. Akasema tatu. Nikasema moja na nusu, na katikati nikae nipumzike. Akanitazama, hakuangalia dari.

"Sisi hawakutupunguzia," akasema.

Nikavua viatu. Ndiyo bei pekee niliyowahi kulipa kama ilivyotajwa.

Alinifunga miguu kwa taulo la jikoni alilolichana mara mbili, akanisimamisha pembeni mwa kabati. Saa ya kwanza nilisimama kama askari wa gwaride, nikifikiri anataka heshima. Hakuchora kitu, alikaa kwenye kiti akinywa chai. Chini kwaya walikuwa wanarudia wimbo ule ule, wanakosea mahali pale pale. Saa ya pili mgongo ulianza kuuma, nikahamisha uzito kwenye mguu mmoja, halafu mwingine. Bado hakuchora. Nilitaka kuuliza kama amelala. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, mwenye afya, nimekula ubwabwa asubuhi, ndani ya nyumba yenye joto, na nilikuwa nataka kulia kwa sababu ya magoti. Wakati fulani ndani ya saa ya tatu bega langu la kushoto likashuka lenyewe na kichwa kikalifuata.

"Hapo," akasema. "Usijirekebishe."

Akafungua ile leso. Matonge yote yalikuwemo, yamekauka. Akayasaga kwa kijiko ndani ya kisosi, akachovya kidole, akaanza kusugua ukingo wa kushoto wa karatasi. Mkate ukarudisha kijivu chake. Aliutandaza juu ya lile bega lililobaki, akashuka nalo mpaka chini, kisha akachukua mkaa, na mkono uliokuwa unatetemeka ukaacha kutetemeka. Alichora kwa nguvu. Nilisikia mkaa ukivunjika mara mbili. Sikuruhusiwa kugeuka mpaka alipomaliza.

Nilipogeuka niliona msichana. Hakuwa na sura yangu hata kidogo, namshukuru Mungu. Alikuwa na bega langu lililoshuka, na mwanamke mwenye pua ndefu, yule niliyempenda, alikuwa amesogezewa mkono ukamfikia msichana. Huo mkono haukuwepo kabla.

"Haya, hesabu," akaniambia. "Andika risiti."

Nikahesabu vilemba. Nikasema kumi na kimoja, nikidhani nimekosea tena.

"Mara ya pili," akasema. "Si ndivyo unavyofanya?"

Nikaanza upya, safari hii kutoka chini. Miguuni mwa msichana kulikuwa na kitambaa, kimefungwa fundo mbele. Cha kumi na mbili. Nikaandika hivyo pale pale, nyuma ya tiketi ya basi, kwa sababu kitabu cha risiti kilikuwa Bertrams. Alicheka kwa sauti. Sikuwahi kumsikia hivyo. Halafu akaniuliza kuhusu zile fremu bure za maisha, kama ni za maisha yake au yangu. Tukapatana upya, na akanishinda.

Aliishi miaka ishirini mingine. Yote nilimtengenezea fremu. Baada ya siku ile aliwachora wengine pia, akina sisi: mlinzi wa Kirundi anayesinzia kwenye kiti, msusi aliyebana chanuo menoni, Papa Ngoi na suti yake. Papa alilalamika kwamba mkunjo wa suruali haukunyooka. Alipofariki Mama Lea, mpwa wake aliniita nikabebe michoro, na kwenye droo ya jikoni nilikuta ile tiketi ya basi.

Sasa kazi yenu. Mchoro mkubwa uko Sandton, nyumbani kwa mpwa, sebuleni. Mwezi wangu wa mwisho kazini alinipigia simu. Ni mama mwema, ila amenunua makochi mapya ya rangi ya maziwa na anaona mchoro ungependeza ukiwekewa maunti ya rangi hiyo, pana kidogo, "kusafisha kingo." Nilipanda treni nikaenda kumwona, nikamweleza yote haya, akatokwa na machozi, akakubali uachwe. Mwezi huo huo akapiga tena kuuliza kama angalau maunti nyembamba haiwezekani. Namjua mteja. Ataleta, na ataleta akijua sipo.

Akileta, mpokeeni kwa adabu na mpeni chai. Usiwekewe maunti hata ya upana wa kamba ya kiatu. Ile karatasi nimeiacha wazi kingo zote nne, imeinuliwa juu ya kadi ya nyuma, na kati yake na kioo kuna vijiti vyembamba nilivyovificha chini ya fremu. Hivyo ndivyo vinavyozuia kioo kisimguse yule msichana. Vikilegea, vibadilisheni. Akisisitiza rangi ya maziwa, mpakieni rangi fremu yenyewe, mkapatane bei kwa kuangalia dari. Mkate usiingie karakana siku hiyo; kuleni ugali.

Na kabla ya yote, andikeni risiti. Msiwahesabu watu. Hesabuni vilemba, mwanzie chini. Kumi na kimoja vichwani, kimoja miguuni. Halafu rudieni.